Eti digirii ya mtandaoni nayo ni digirii?

Najua nimepotea, kama wiki tatu hivi sijaandika kitu hapa. Semista hii imetubana kwelikweli, asaimenti juu ya asaimenti, halafu mazoezi ya kufundisha yako mlangoni. Leo Jumapili usiku, wenzangu chumbani wameshalala, na mimi nina jambo limenikaa kooni tangu Ijumaa.

Ijumaa baada ya sala nilitoka huku Tunguu nikenda kwa bibi, Malindi. Wanaoujua ukoo wetu wanajua kuwa Ijumaa pale ni pilau na maneno. Khalati yangu mdogo, yule muuguzi, akatoa habari yake. Ana stashahada, yuko kazini mwaka wa kumi na nne, sasa anataka shahada. Kuacha kazi akakae darasani miaka mitatu minne hawezi, ana watoto watatu na wa mwisho hata skuli hajaanza. Amepata chuo cha nje kinachosomesha kwa intaneti. Hajamaliza maneno, mjomba akadakia: "Uuguzi wa kwenye simu? Sindano utampiga mgonjwa kwa WhatsApp?" Nyumba nzima tukacheka. Na mimi nilicheka, nisiwafiche. Khalati hakusema kitu, aliinuka akenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vishaoshwa.

Wakati naondoka akanifuata barazani. Akaniambia kuna mwenzake aliomba kazi Ghuba, na kwenye fomu kulikuwa na swali: ulisoma chuoni au kwa masafa? "Wewe ndo unasomea mambo ya elimu," akasema. "Niambie kweli mwanangu, watu wataiheshimu?" Nikakosa jibu. Miaka yangu yote ya ualimu, nimekosa jibu! Nikamuahidi nitamtafutia. Basi haya hapa ndiyo niliyoyapata, na mengine yalikuwamo kwenye madesa yangu ya historia ya elimu, sema sikuwahi kuyasoma nikiwa na shida nayo.

Kwanza, swali lenyewe si la jana. Sisi tuliokulia Mji Mkongwe tunaona elimu ya kweli ni ya kukaa mbele ya mwalimu. Madrasa ya Sheikh Abdallah Bakathir pale Ukutani ilikuwa hivyo: unakwenda kwa mtu, unasoma mbele yake, siku ikifika anakupa ijaza, na jina lako linaunganishwa na mlolongo wa walimu waliomtangulia. Lakini wanazuoni wa hadithi, karne nyingi kabla ya intaneti, walishajadili mtu aliyepokea elimu kwa barua. Wana jina lake kabisa, mukataba, nayo ni mojawapo ya njia nane za kupokea. Hawakuipa daraja sawa na kusikia kwa masikio yako kutoka kinywani mwa sheikh, hiyo ndiyo iliyokaa juu. Ila hawakuitupa. Walichouliza ni kama unaujua mwandiko wa aliyekuandikia, na kama aliyeileta barua ni mtu wa kuaminika. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu maktaba. Tume ya vyuo vikuu leo inafanya nini zaidi ya kuuliza mwandiko ni wa nani?

Wazungu nao walipitia huko huko. Chuo Kikuu cha London mwaka 1858 kilifungua mitihani yake kwa mtu yeyote, hata ambaye hajawahi kukanyaga darasa lake. Soma unakojua, njoo ufanye mtihani, ukifaulu shahada yako. Mwaka 1865 mitihani hiyo ikafanywa nje ya Uingereza kwa mara ya kwanza, Mauritius, hapa hapa kwenye bahari yetu ya Hindi. Na hata vyuo vyetu vya mwanzo Afrika Mashariki vilianza chini ya kivuli hicho. Makerere ilikuwa na uhusiano maalumu na London tangu 1949, na kile cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 13 wa sheria, kilikuwa chuo kishiriki cha London. Darasa lilikuwa Dar, jina kwenye shahada likatoka ng'ambo. Sijasikia mtu akiwadharau wasomi wale.

Sasa nije kwenye sehemu inayotuhusu walimu, na hapa nitakaa kidogo, mtanisamehe.

Bara, miaka ya 1970, serikali ilitaka watu wasome kwa posta na redio. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikawa na masomo ya posta. Mwaka 1973 kukawa na kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, watu kama milioni 2 wakakaa kwenye vikundi vya kusikiliza, wanajifunza malaria, maji safi, vyoo. Halafu wanatoka hapo wanakwenda kuchimba vyoo. Hapo ndo napenda. Elimu ya afya ilipita hewani, lakini jembe lilishikwa kwa mkono.

Mwaka uliofuata, Novemba 1974, likaja Azimio la Musoma: watoto wote waingie skuli ifikapo 1977. Walimu watoke wapi? Vyuo vilivyokuwepo visingeweza kabisa. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakapelekwa vijijini, nusu ya siku wanafundisha na nusu wanasoma wenyewe, kwa vitabu vya posta, vipindi vya redio na mwalimu mlezi wa karibu. Miaka mitatu hivyo, mwisho wiki chache za kukaa chuoni na mtihani. Waliotoka wakiwa walimu kamili ni zaidi ya 35,000. Watu wakawacheka sana. Herufi za UPE zikapewa kirefu kingine, Ualimu Pasipo Elimu. Hata leo ukitaka kumtukana mwalimu mzee wa bara, mwite mwalimu wa UPE.

Mwaka 1989 watafiti wawili, Mählck na Temu, wakachapisha kwa UNESCO kazi iliyolinganisha walimu wale na wale waliokaa chuoni. Kwa jumla hawakukuta ile tofauti kubwa watu waliyokuwa wakiihubiri. Kulikuwa na pengo, hasa kwenye sayansi, lakini si la kusema hawa walimu na hawa si walimu. Dhihaka haikuondoka pamoja na hayo. Ndiyo maana nasema heshima na ubora ni vitu viwili, havitembei pamoja kila siku, na khalati aliniuliza cha kwanza wakati mimi nilikuwa tayari kumjibu cha pili.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania nacho mnakijua, kina kituo hapa Unguja. Sheria yake ni ya mwaka 1992, masomo yakaanza 1994, makamu mkuu wa kwanza akiwa Profesa Geoffrey Mmari ambaye kabla ya hapo aliongoza Sokoine. Hakikuwa cha kwanza kwetu Afrika Mashariki kutoa shahada kwa njia hii. Nairobi walikuwa na shahada ya ualimu kwa masafa tangu 1986, na Makerere walifuata 1991. Lakini Huria ndicho chuo kizima kilichojengwa kwa kazi hiyo. Mwanafunzi anasoma kwake, mtihani anaufanya kituoni anasimamiwa kama sisi tu. Nakiri hapa: mwaka wa kwanza nilikuwa nikisema "aa, huyo kasoma Huria," kwa sauti ile mnayoijua. Wakati mtu anayesoma saa nne usiku baada ya kazi, bila mwenzake wa kumwazima desa, anafanya kitu ambacho mimi na hosteli yangu na bumu langu sijakijaribu.

Uuguzi sasa. Mjomba wangu ana hoja, tusimnyime. Ualimu ukikosea, mtoto hajui kugawanya. Uuguzi ukikosea ni dozi, ni damu. Huwezi kujifunza kumgeuza mgonjwa kwa kutazama kioo. Lakini mjomba anachanganya watu wawili: anayeanza kutoka sifuri, na muuguzi aliyesajiliwa anayetaka kupanda daraja. Programu nyingi za uuguzi mtandaoni duniani zimetengenezwa kwa huyu wa pili.

Mfano wa jirani kabisa ni Kenya. Mwaka 2005 AMREF, pamoja na Baraza la Wauguzi la Kenya na kampuni ya Accenture, walianzisha mafunzo kwa kompyuta ya kuwapandisha wauguzi wa cheti wafike stashahada. Waliolengwa ni kama 22,000, na vyuo vya kawaida visingewamaliza leo wala kesho. Wauguzi walisoma nadharia kwenye vituo vya kompyuta, vitendo vikabaki hospitali, chini ya wasimamizi. Mtihani ukawa wa baraza, ule ule. Na baraza lilikuwamo tangu siku ya kwanza, halikuja mwisho kuombwa muhuri.

Angalieni sasa inakuwaje jambo hilo likiwa na utata. Marekani kuna chuo kinaitwa Excelsior, mizizi yake ni mpango wa shahada za nje wa jimbo la New York wa mwaka 1971. Walikuwa na njia ya uuguzi isiyo na darasa: unasoma mwenyewe, unafanya mitihani ya nadharia, mwisho unapimwa vitendo hospitali kwa siku mbili tatu. Walipokea watu ambao tayari wako kwenye kazi za afya. Majimbo mengi yakawasajili. California ikakataa wale waliojiunga kuanzia Desemba 2003, kwa hoja kwamba siku chache za kupimwa si sawa na mamia ya saa za kufunzwa kando ya kitanda cha mgonjwa. Karatasi ile ile, mtu yule yule, jimbo hili ni muuguzi na jimbo lile si muuguzi! Kilichogombaniwa hapo ni saa za wodini. Posta na kompyuta hazikuwa na kesi.

Na kwa wale wanaodhani jengo ndo dhamana: Januari 2023 serikali ya Marekani ilifichua kuwa vyeti vya uuguzi vya uongo zaidi ya 7,600 vimeuzwa Florida. Waliouza walikuwa skuli tatu zenye milango, mabango na ofisi. Mjomba angepita mbele yake angesema hiki ndicho chuo.

Kwetu kuna jambo jengine ambalo nililijua vipande vipande, sikuwahi kuviweka pamoja. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, kwa hiyo shahada ya nje inapelekwa TCU, tume iliyoanzishwa kwa sheria ya vyuo vikuu ya 2005, wao ndio wanaoitambua au kuikataa. Afya si ya Muungano. Muuguzi wa Unguja ana baraza lake hapa hapa, na Bara wana la kwao. Kwa hiyo karatasi ya khalati itapita milango miwili, na mmoja ukifunguka haina maana wa pili umefunguka. Halafu akitaka Oman au Dubai, kuna mlango wa tatu wenye funguo zake.

Leo jioni nilikaa Forodhani na simu yangu nikamwandikia. Sikumwambia "ndiyo wataiheshimu," kwa sababu si kweli kwa wote. Mtaani bado watacheka, na hata ofisini kuna bosi atakayemtazama aliyesoma Mbweni, kwenye chuo cha afya kilicho chini ya SUZA, kwa jicho tofauti. Na chuoni kuna kitu mtandao haukupi: wenzako. Nusu ya ninachojua nimekipata kwa kubishana na watu ukumbini. Nilimwambia pia kuna njia ya katikati, Aga Khan wamekuwa wakiwasomesha wauguzi walio kazini tangu 2001, darasani siku chache za wiki na siku nyingine kazini, sema ni Dar, na nauli ya boti na kulala huko si mchezo kwa mama wa watoto watatu.

Nikamwandikia asilipe hata senti kabla ya kuwauliza watu hawa: TCU, chuo hicho wanakitambua? Baraza, wataandika shahada hiyo kwenye daftari lao au la? Na chuo chenyewe, vitendo vitafanyika wapi, saa ngapi, nani atasaini? Wakimjibu kwa maneno, aombe kwa maandishi. Wakishindwa kumjibu hilo la vitendo, pesa abaki nazo. Wakimjibu vizuri, aanze. Na Ijumaa nitakuwepo, safari hii mjomba akileta utani wake nitamsimulia California na Florida mpaka pilau lipoe.

Nimemaliza kuandika saa nne na kitu. Sasa hivi, saa saba usiku, simu imelia. Khalati kajibu: "Ahsante mwanangu. Leo niko zamu ya usiku, wodi imejaa. Nitaisoma asubuhi nikitoka. Hilo la vitendo wasimamizi wangu hapa wanaweza kusaini?"

Swali zuri. Kesho nampigia mtu wa baraza.