Tiba ya uraibu wa heroini (Kilwa na pwani ya Lindi)

Tiba ya uraibu wa heroini ni matibabu ya muda mrefu ya mtu ambaye mwili wake umeshindwa kukaa bila dawa hiyo ya kulevya, ambayo mitaani huitwa unga. Kwa Kilwa na pwani ya Lindi, habari yake haielezeki bila bahari na barabara.

Bahari ndiyo iliyoleta unga. Heroini ya Afghanistan hupakiwa majahazini katika mwambao wa Makran, huko Iran na Pakistan, ikaletwa Afrika Mashariki na kushushwa kwenye boti ndogo mbali na nchi kavu. Mwambao wa Lindi una mikoko, visiwa na bandari bubu za kutosha kuficha chombo. Januari 2012 zilikamatwa mkoani humo kilo zipatazo 210, miongoni mwa shehena kubwa kabisa zilizokuwa zimewahi kunaswa nchini. Sehemu kubwa ya mizigo ya namna hii huwa njiani kwenda Ulaya na Afrika Kusini. Inayobaki hufungwa kete na kuuzwa vijiweni.

Aliyekwisha kuzoea kete havuti tena kwa raha, anaikimbia arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa unga. Saa 8 hadi 12 tangu kete ya mwisho huanza miayo, machozi, kamasi na jasho, kisha mifupa huuma, tumbo hukata, mtu akaharisha, akatapika na kukosa usingizi. Siku ya pili na ya tatu ndizo kali. Baada ya wiki moja hivi mwili hutulia.

Kwa sababu hiyo, kumfungia kijana chumbani mpaka arosto ipite huonekana kama kumponya. Sivyo, na hatari kubwa huja baadaye: mwili uliosafishwa umepoteza uzoefu wake, kwa hiyo kipimo kilekile cha zamani kinaweza kumkata pumzi. Hata arosto yenyewe, kuhara na kutapika kukizidi, ni ya kupelekwa hospitali: Kinyonga kwa aliye Kilwa Kivinje, Sokoine kwa aliye Lindi mjini. Hakuna haja ya kuona haya.

Dawa iliyobadili mambo ni methadoni, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Hushika sehemu zilezile za ubongo zinazoshikwa na heroini, ila taratibu na kwa muda mrefu, hivyo dozi moja ya kunywa hutosha siku nzima. Huanzwa kwa kipimo kidogo, kwa kawaida kisichozidi miligramu 30, ikapandishwa polepole. Wapo wanaosema huko ni kubadilisha unga kwa unga. Wanakosea: aliyekunywa dozi yake asubuhi hatafuti kete, haibi, hachangii sindano, na anaweza kwenda kuvua. Mwenye kifua kikuu lazima amweleze daktari, kwa kuwa rifampisini huipunguza methadoni mwilini na kumrudishia mgonjwa arosto.

Kliniki ya kwanza ya methadoni Tanzania Bara ilifunguliwa Muhimbili Februari 2011, ikifuatwa na Mwananyamala mwaka 2012 na Temeke mwaka 2014. Zote tatu ziko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 300 kutoka Kilwa Masoko. Huduma ikafika baadaye Zanzibar, Mbeya, Mwanza, Dodoma na Tanga.

Umbali huo si jambo dogo. Kwa kawaida methadoni hunywewa kliniki, mbele ya mhudumu, kila siku, zikiwemo sikukuu. Nauli ya basi haiwezi kubeba tiba ya namna hiyo. Katika miaka hiyo ya mwanzo, kijana wa Kilwa aliyetaka kutibiwa ilimbidi ahamie Dar es Salaam, na ahamie kwa nani, kama ndugu wa huko wamekwisha kumchoka kwa wizi?

Na barabara yenyewe hukatika. Mei 2024, mvua zilizoandamana na kimbunga Hidaya ziliibomoa barabara kuu eneo la Somanga, na kwa siku kadhaa magari ya Lindi na Dar es Salaam hayakupita. Kwa aliyekwama njiani, siku hizo ni nyingi: mgonjwa wa methadoni akikosa dozi siku tatu mfululizo, daktari humpima upya kabla ya kumrudishia kipimo chake cha awali.