Punda na Haki Yake Juu Yetu



Katika miji yetu ya pwani, mtu akitaka kumtusi mwenziwe kwa ujinga, tusi lililo karibu na ulimi ni kumwita punda. Watoto hulitamka uwanjani, walimu hulitamka chuoni, na mabwana hulitamka majumbani mbele ya wake na watoto wao. Nami nimelitamka mara nyingi. Leo nataka tukae pamoja tulitie tusi hili katika mizani ya insafu, tutazame kama limemwangukia anayestahili. Wala usidhani kuwa jambo hili ni dogo. Mtu humtendea mnyama kwa kadiri anavyomdhania. Tukishamdhania kiumbe kuwa hana akili wala hana uchungu, basi bakora haichelewi kuifuata dhana hiyo.

Yaliyonifanya niandike haya niliyaona Mwakitolyo. Hiyo ni kata iliyo bara, katika wilaya ya Shinyanga, nchi ya Wasukuma, ndani ya ule ukanda wa dhahabu unaofika mpaka Geita. Nilikwenda huko kumtazama mtoto wa ndugu yangu ambaye ni mchimbaji mdogo. Watu huko huchimba maduara, yaani mashimo membamba yanayoshuka chini sana. Mawe hupandishwa juu kwa kamba, yakasagwa, na unga wake ukaoshwa kwa maji ili itafutwe dhahabu iliyomo. Kazi hiyo inataka maji, na watu wake wanataka maji, kuni na chakula; na mengi katika hayo niliyaona yakija juu ya mgongo wa punda.

Asubuhi moja kijana wa miaka kumi na miwili hivi alikuwa akimswaga punda aliyebeba madumu manne ya maji. Walifika mahali ambapo njia ilikuwa sawa, haina mlima wala tope, na punda akasimama. Kijana akamsukuma, punda asiende. Akampiga ubavuni, punda akalaza masikio nyuma, akakita miguu, asiende. Akampiga tena na tena, huku akimtukana kwa jina lake mwenyewe. Akapita mzee mmoja wa hapo, akasema, "Mjukuu wangu, weka fimbo chini. Muulize kwanza."

Mzee yule akatangulia hatua mbili, akagonga ardhi kwa mkongojo wake. Ikalia utupu. Palikuwa na duara la zamani hapo, limefunikwa kwa miti na udongo, na watu walikwisha lisahau. Punda akazungushwa kando, akaenda zake bila ya kusukumwa. Kijana alibaki kaikamata fimbo yake, hana la kusema. Nami pia sikuwa na la kusema, kwa sababu nitakayokueleza mwisho.

ASILI YAKE

Wazee wetu wa pwani walikuwa wakiwatenga punda namna mbili. Alikuwako punda wa Maskati, mrefu, mweupe, aliyepandwa na wakubwa wa Unguja. Na alikuwako kiongwe, punda wa bara, mnyama wa mizigo. Waliokusanya maneno ya Kiswahili Unguja katika karne ya 19 wamelihifadhi jina hilo la kiongwe pamoja na sifa yake, kwamba ni mkaidi, haendesheki. Kwa hiyo mgeni alisifiwa, na mwenyeji akatiwa ila.

Na kweli yeye ndiye mwenyeji. Mwaka 2022 wataalamu walitoa uchunguzi waliolinganisha ndani yake nasaba za punda 207 wa zama zetu na mabaki ya punda 31 wa kale, kutoka nchi nyingi za ulimwengu. Wakaona kuwa punda wote asili yao ni moja: walifugwa mara moja tu, yapata miaka 7,000 iliyopita, katika Afrika ya Mashariki, upande wa Kenya na Pembe ya Afrika. Huo ulikuwa wakati ambapo Sahara ilikuwa ikikauka, na watu wakahitaji mnyama wa kuwavusha masafa marefu yasiyo na maji. Kutoka huku kwetu punda akaenda Sudan, na Misri, na Asia, na Ulaya. Hata huyo wa Maskati aliyekuja na jahazi na kuheshimiwa, babu zake walitoka huku.

Wamisri wa kale walimjua thamani yake. Huko Abydos, karibu na jengo la ibada za maziko la mfalme mmoja wa mwanzo kabisa wa Misri, walifukuliwa punda kumi waliozikwa kwa heshima miaka kama 5,000 iliyopita. Mifupa yao ilikuwa na alama za mizigo waliyobeba. Mfalme amejengewa jengo la maziko, na waliombebea nao wamezikwa ubavuni mwa jengo hilo! Sisi punda wetu akifa, tunamburura kwa kamba mpaka jaani.

AKILI YAKE

Ama huo unaoitwa ukaidi, waliowachunguza wanyama hawa wameueleza vizuri. Farasi akishtuka hukimbia, kwani yeye ni mnyama wa uwanda, na usalama wake ni mbio. Punda wa porini huishi katika nchi ya mawe na majabali, ambako mbio za upofu humvunja mtu mguu. Kwa hivyo punda akiingiwa na shaka husimama, akatazama, akasikiliza, akapima, kisha ndipo aamue. Mwenye haraka humwona mjinga. Lakini, ndugu msomaji, mwanadamu akifanya hivyo hivyo, akasimama na kufikiri kabla ya kuweka mguu, tunamwitaje? Tunamwita mwenye busara.

Wanavyuoni wetu hawakuwa wageni wa jambo hili. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alipoandika juu ya ilimu ya nafsi alithibitisha kuwa mnyama anayo nguvu ya ndani inayotambua yasiyoonekana kwa jicho. Mfano wake mashuhuri ni kondoo: anapomwona mbwa mwitu haoni rangi na umbo tu, bali anatambua uadui uliomo. Nguvu hiyo aliita wahm. Miaka mia sita baadaye akaja Descartes katika Ulaya, akafundisha kuwa mnyama ni kama mashine tu, mfano wa saa. Maneno yake yaliwarahisishia kazi wengi waliotaka kutesa wanyama bila ya kusutwa na dhamiri.

Katika mwaka 1904 watu wa Berlin walistaajabishwa na farasi mmoja kwa jina Hans. Bwana wake, Wilhelm von Osten, alikuwa akimuuliza hesabu, naye akijibu kwa kugonga ukwato. Mtaalamu wa ilimu ya nafsi, Oskar Pfungst, alimchunguza, na mwaka 1907 akatoa kitabu kueleza siri yake. Muulizaji akiwa mwenyewe hajui jibu, au farasi akiwa hamwoni, Hans hukosea. Kumbe hakujua hesabu. Alikuwa akimtazama mtu: idadi ya sawa ikifika, kichwa cha muulizaji kilitikisika kidogo mno, mwenyewe hana habari, na farasi akaacha kugonga. Wengi walicheka na kusema farasi amefedheheka. Mimi nasema aliyefedheheka ni mwanadamu. Farasi aliisoma nafsi ya mtu katika mtikisiko ambao mtu mwenyewe hakuujua, na sisi tunaishi na wanyama hawa umri mzima tusijue hata maana ya kulaza masikio.

UCHUNGU WAKE

Hapa pana jambo ambalo kila mwenye punda apaswa kulijua. Punda huficha maumivu. Porini mnyama anayeonyesha udhaifu ndiye anayechaguliwa na simba, na tabia hiyo hakuiacha alipoingia majumbani mwetu. Farasi mwenye ugonjwa wa tumbo hugaagaa na kupiga mateke. Punda mwenye ugonjwa huo huo huenda akainamisha kichwa tu, akaacha kula, akasimama pekee. Kwa hivyo mpaka bwana wake ajue kuwa anaumwa, mara nyingi ugonjwa umekwisha shika.

Na ana mapenzi. Punda hufunga urafiki na punda mwenziwe, urafiki wa miaka na miaka, wakila pamoja na kusimama ubavu kwa ubavu. Akitengwa naye au akifiwa naye, huweza kususa chakula. Na punda akisusa kula, mafuta ya mwilini hufurika katika damu yake, na maradhi hayo humuua. Basi madaktari wa wanyama hushauri kwamba mmoja akifa, aliyebaki aachwe akae na maiti kwa muda, amnuse, ajue kuwa mwenziwe ameondoka. Tusione ajabu; Qur'ani imekwisha tuambia katika Sura ya Al-An'am kuwa wanyama na ndege ni umma mfano wetu.

HAKI YAKE

Mtume (S.A.W.) alimpanda punda, wala hakuona haya. Katika Sahihi Muslim imepokewa kuwa alimpita punda aliyetiwa chapa ya moto usoni, akamlaani aliyemtia. Na Abu Dawud amepokea habari ya ngamia aliyekuwa katika bustani ya mmoja wa Ansari. Ngamia alipomwona Mtume alilia, macho yakamtiririka. Mtume akampangusa nyuma ya masikio mpaka akanyamaza, kisha akamwita bwana wake akamkumbusha amche Mungu, kwani mnyama ameshitaki kuwa anamtia njaa na kumchosha. Tazama mpango wake: kwanza alimtuliza anayelia, ndipo akamhukumu mwenye kosa.

Wako wanaotoa hoja kwa Sura ya Al-Jumua, kuwa humo umetajwa punda abebaye vitabu. Na warudi wakasome vizuri. Aya hiyo inawalaumu watu waliobebeshwa ilimu wasiifuate. Punda hakuombwa kuvisoma vitabu vile. Aliombwa kuvibeba, naye alivibeba. Sisi tulioombwa kuvisoma, tumefanya nini?

Na kwa kuwa wengi wetu pwani ni wafuasi wa Imam Shafi, natutaje neno la faqihi mkubwa wa madhehebu hayo, Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki Cairo mwaka 1262. Katika kitabu chake cha Qawaidul Ahkam amehesabu haki za wanyama juu ya mwanadamu: awalishe na kuwanywesha, hata wakizeeka au wakaugua wasiwe na faida tena, asiwabebeshe wasichokiweza, asiwachanganye na wanaowadhuru, na asiwachinje watoto wao mbele ya macho yao. Zingatia hii ya mwisho. Ni nani anayekatazwa kuchinja mbele ya macho ya mama, kama mama huyo hana moyo wa kuumia?

Haki hizi zimekanyagwa katika zama zetu, na Shinyanga hiyo hiyo ni shahidi. Uchina kuna dawa ya asili iitwayo ejiao, inayopikwa kwa ngozi ya punda. Punda wao walipopungua, wafanyabiashara waligeukia Afrika. Machinjio ya punda yakafunguliwa Shinyanga na Dodoma. Na kule Kenya, kuanzia mwaka 2016, yakafunguliwa manne. Bei ya punda ikapanda, wezi wakaingia mazizini usiku, na wanawake waliokuwa na punda wakarudi kujitwika maji vichwani. Hesabu ya Kenya ya mwaka 2009 ilikuta punda 1,800,000 hivi. Ile ya mwaka 2019 ikakuta 1,200,000 hivi. Kenya ilitoa amri ya kuzuia mwaka 2020, Tanzania nayo ikapiga marufuku, na mwezi wa Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika, walipokutana Addis Ababa, walikubaliana kuzuia kumchinja punda kwa ajili ya ngozi katika bara zima. Mnyama aliyetubeba miaka elfu saba alikuwa karibu kumalizika kwa miaka michache.

Lakini sheria ya wakuu haiingii kila kichochoro. Lamu, mji ambao punda ndiye gari lake, ipo tangu mwaka 1987 zahanati inayowatibu punda bila ya malipo. Mwenye punda wa huko ana pa kumpeleka. Sisi wengine tunayo mikono na macho yetu tu: tumtazame mgongo kabla ya kumtwika, tumpunguzie mzigo, tumtangulizie maji, na akisimama tumuulize kwanza.

Nilikuahidi sababu ya kunyamaza kwangu Mwakitolyo. Nilipokuwa mtoto wa chuoni, ammi yangu alikuwa na punda wa kubebea nazi. Alasiri moja nilitumwa naye shamba. Wakati wa kurudi akawa anasimama kila hatua, akigeuza kichwa kuutazama ubavu wake. Nilidhani ananifanyia ukaidi, nami nilitaka kuwahi mpira. Nilimpiga njia nzima. Usiku ule alilala chini, na alfajiri tulimkuta amekufa. Ammi alisema ni ugonjwa wa tumbo, kazi ya Mungu. Hakuna aliyeniuliza, wala mimi sikusema. Ammi amekwisha tangulia mbele ya haki, na hii ndiyo mara ya kwanza kulitoa jambo hili.

Punda yule alikuwa akinieleza, kwa namna aliyopewa ya kueleza. Nisiyekuwa na akili siku ile alikuwa mimi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie tuliyowatenda wasio na ulimi wa kushitaki, na atupe macho ya kuona kabla ya mikono ya kupiga. Amin.