Kutoka Hisani hadi Mshahara: Historia ya Bakshishi katika Ajira za Huduma Nchini Marekani, 1867–2025

1.0 Utangulizi

Bakshishi, ambayo kwa muda mrefu ilihusishwa na migahawa, hoteli na teksi, imesambaa nchini Marekani hadi katika manunuzi ya kawaida ya kila siku. Mteja anayenunua kikombe cha kahawa au mkate wa kwenda nao nyumbani huoneshwa kishikwambi kinachomtaka achague asilimia atakayoongeza juu ya bei. Katika uchunguzi wa maoni uliofanywa na Pew Research Center mwezi Agosti 2023, uliowahusisha watu wazima 11,945, asilimia 72 walieleza kwamba bakshishi inatarajiwa mahali pengi zaidi kuliko miaka mitano iliyotangulia.

Ongezeko hilo kwa kawaida huelezwa kwa sababu mbili, ambazo ni teknolojia ya malipo na janga la UVIKO-19. Sababu hizo zina ukweli, lakini zinaeleza namna matarajio yalivyosambaa pasipo kueleza kwa nini palikuwa na jambo la kusambazwa. Makala haya yanajenga hoja kwamba bakshishi imepanuka nchini humo katika vipindi ambamo mwajiri alipata njia, ya kisheria au ya kiufundi, ya kumhamishia mteja sehemu ya wajibu wake wa kulipa mshahara. Ili kuithibitisha hoja hiyo, makala yanafuatilia vipindi vitatu: kipindi cha mabehewa ya Pullman, kipindi cha sheria za kima cha chini cha mshahara, na kipindi cha malipo ya kielektroniki.

2.0 Dhana ya Bakshishi

Neno bakshishi lilitoholewa kutoka Kiajemi. Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, linabeba sifa tatu: malipo hayo hutolewa kwa hiari, hutolewa baada ya huduma, na huwa nje ya ujira uliokubaliwa. Sifa ya kwanza inaafikiana na methali isemayo kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Anayetoa huongozwa na utashi wake, na asiyetoa hahesabiwi kuwa amevunja mkataba.

Hata hivyo, historia ya maneno jirani inaonesha kwamba sifa hizo si za kudumu. Kilemba ni zawadi anayopewa fundi au mwalimu amalizapo kazi, lakini pale ambapo desturi imekomaa, asiyekitoa huonekana mwenye deni. Hongo katika karne ya 19 ilikuwa malipo ya njia ambayo misafara ya biashara iliwapa watawala wa bara. Leo neno hilo lina maana ya rushwa. Takrima nayo ni ukarimu kwa mgeni. Sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilipoitambua mwaka 2000 kama jambo halali katika kampeni, Mahakama Kuu ilivibatilisha vifungu husika mwaka 2006, kwa kuwa pamoja na mambo mengine viliwabagua wagombea wasio na uwezo wa kifedha. Katika mifano hii yote, jina la utoaji lilibaki huku uhusiano kati ya mtoaji na mpokeaji ukibadilika. Kwa sababu hiyo, uchambuzi unaofuata haujikiti katika jina, bali katika swali la nani anaubeba mzigo wa ujira.

3.0 Bakshishi bila Mshahara wa Kutosha: Mabehewa ya Pullman, 1867–1937

Kabla ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya 1861–1865, bakshishi haikuwa desturi iliyoenea Marekani. Iliingia kwa kasi baada ya vita hivyo, pale matajiri waliosafiri Ulaya waliporejea na mazoea ya huko. Desturi hiyo ilikuta soko la ajira lililobadilishwa na ukombozi wa watumwa. Watu weusi walioachiwa huru walifungiwa milango ya kazi nyingi za viwandani na za ofisini, wakabakiwa na kazi za huduma ambazo waajiri hawakuwa tayari kuzilipia kikamilifu.

Mfano ulio wazi zaidi ni kampuni ya George Pullman, iliyoundwa mwaka 1867 na kuendesha mabehewa ya kulala katika reli za nchi hiyo. Kampuni iliwaajiri kwa wingi wanaume weusi, wengi wao wakiwa wametoka utumwani, kuwa wahudumu wa mabehewa. Walitandika vitanda, walibeba mizigo, walipiga viatu rangi kwa dawa waliyoinunua wenyewe, na walikuwa na saa chache za kulala. Abiria wengi waliwaita wote “George”, jina la mwenye kampuni, kama ilivyokuwa desturi ya kumwita mtumwa kwa jina la bwana wake.

Mbele ya Tume ya Mahusiano ya Kiviwanda ya serikali ya Marekani, mwaka 1915, ilibainika kwamba mshahara wa mhudumu ulianzia dola 27.50 kwa mwezi. Kiasi kilichobaki cha kumwezesha kuishi kilipaswa kutoka mifukoni mwa abiria. Miongoni mwa waliotoa ushahidi alikuwa Robert Todd Lincoln, mtoto wa Rais Abraham Lincoln, aliyekuwa rais wa kampuni hiyo kuanzia 1897 hadi 1911.

Wahudumu wenyewe walilielewa tatizo lao kuwa ni la mshahara. Chama chao, Brotherhood of Sleeping Car Porters, kilichoanzishwa Harlem mwezi Agosti 1925 chini ya uongozi wa A. Philip Randolph, kilidai ujira ambao ungemwondolea mfanyakazi utegemezi wa bakshishi. Mkataba uliosainiwa mwezi Agosti 1937, baada ya miaka 12 ya mapambano, ulipandisha mishahara na kupunguza saa za kazi kutoka takriban 400 hadi 240 kwa mwezi. Tukio hili lina umuhimu wa pekee katika hoja ya makala haya kwa sababu linaonesha kuwa waliopokea bakshishi walikuwa miongoni mwa wakosoaji wake wa mwanzo.

4.0 Sheria za Kupiga Marufuku, 1909–1926

Upinzani mwingine ulitoka kwa watoaji. Mwaka 1916, William R. Scott alichapisha kitabu The Itching Palm, akidai kwamba bakshishi huzaa matabaka ya mabwana na watwana katika jamhuri iliyojengwa juu ya usawa. Fikra za namna hiyo zilikuwa zimekwisha kuingia mabungeni. Jimbo la Washington lilipitisha sheria ya kuifanya bakshishi kuwa kosa mwaka 1909, likafuatwa na Mississippi mwaka 1912, Arkansas mwaka 1913, kisha Iowa, South Carolina na Tennessee mwaka 1915. Mahakama ya Juu ya Iowa iliibatilisha sheria ya jimbo hilo mwaka 1919, na kufikia 1926 sheria zote za aina hiyo zilikuwa zimeondolewa.

Kushindwa huko mara nyingi huelezwa kwa ugumu wa utekelezaji, kwani hakuna dola inayoweza kusimamia kila sarafu inayopita mkononi. Maelezo hayo ni sahihi, lakini kulikuwa na kasoro ya ndani zaidi. Sheria hizo zililichukulia suala hili kuwa la maadili ya mkono unaotoa na mkono unaopokea. Hazikumlazimisha mwajiri kuliziba pengo la mshahara ambalo bakshishi ilikuwa ikiliziba. Mfanyakazi aliyekatazwa kupokea hakupewa badala yake.

5.0 Bakshishi ndani ya Sheria ya Mshahara, 1938–1996

Sheria ya Viwango vya Haki vya Kazi ya mwaka 1938 iliweka kwa mara ya kwanza kima cha chini cha mshahara kwa taifa zima, kikiwa senti 25 kwa saa. Wafanyakazi wengi wa hoteli na migahawa waliachwa nje ya ulinzi huo. Wachukuzi wa mizigo katika vituo vya reli walikuwa ndani yake, lakini kampuni za reli zilianza kuzihesabu bakshishi walizopata kuwa sehemu ya mshahara uliotakiwa na sheria. Mwaka 1942, katika shauri la Williams dhidi ya Jacksonville Terminal Company, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba sheria haikukataza utaratibu huo. Kuanzia hapo, fedha ambayo abiria alidhani anamzawadia mchukuzi iliweza kumpunguzia mwajiri gharama.

Marekebisho ya 1966 yaliwaingiza wafanyakazi wa hoteli na migahawa katika ulinzi wa sheria, lakini kwa sharti. Mwajiri aliruhusiwa kuhesabu bakshishi hadi kufikia nusu ya kima cha chini. Mwaka 1991 kima hicho kilipofika dola 4.25, sehemu ya mwajiri ikawa dola 2.13. Mwaka 1996 Bunge lilipandisha kima cha jumla huku likiitenganisha sehemu hiyo, na tangu wakati huo imebaki dola 2.13 kwa saa. Kima cha jumla kimekuwa dola 7.25 tangu Julai 2009. Kwa hesabu hiyo, sehemu ambayo bakshishi inaruhusiwa kuibeba imepanda kutoka asilimia 50 hadi takriban asilimia 71. Sheria humtaka mwajiri kufidia pale bakshishi zinapopungua, lakini ulinzi huo unategemea usahihi wa kumbukumbu na ujasiri wa mfanyakazi kudai.

Katika karne hiyo hiyo, kiwango kilichohesabiwa kuwa cha kiungwana mgahawani kilipanda kutoka takriban asilimia 10 hadi 15, kisha kikakaribia 20. Haifai, hata hivyo, kudai kwamba sheria peke yake ndiyo iliyosababisha kupanda huko. Majimbo saba, yaani Alaska, California, Minnesota, Montana, Nevada, Oregon na Washington, hayaruhusu mwajiri kuhesabu bakshishi kuwa mshahara, lakini wateja wa huko nao hutoa. Desturi hujengwa kwa taifa zima na haisimami kwenye mipaka ya majimbo. Jambo ambalo sheria ilifanya ni kuipa desturi hiyo sababu ya kimaadili: mteja alijua kwamba asipotoa, aliyemhudumia hatapata riziki ya kutosha.

6.0 Kishikwambi na Manunuzi ya Kila Siku

Sababu hiyo ya kimaadili ndiyo iliyorithiwa na teknolojia. Mashine za kadi katika teksi za New York, zilizoenea kuanzia 2007 na 2008, zilimpendekezea abiria viwango kama asilimia 20, 25 na 30. Kampuni ya Square, iliyoanzishwa mwaka 2009, na washindani wake waliufikisha utaratibu wa namna hiyo katika maduka madogo. Mwaka 2017 Uber, iliyokuwa imekataa kwa miaka kadhaa, iliruhusu bakshishi ndani ya programu yake. Janga la mwaka 2020 liliongeza huruma kwa wafanyakazi waliokuwa hatarini, na wateja wakazoea kutoa hata kwa chakula walichokifuata wenyewe. Janga lilipopungua, vishikwambi vilibaki.

Wengi wa wauzaji hawa hulipwa kima cha chini kamili, hivyo kanuni ya dola 2.13 haiwagusi. Hapa uhamishaji wa mzigo una sura nyingine. Kwa kuwa kima cha taifa hakijapanda tangu 2009, bakshishi humwezesha mwajiri kutangaza mapato yanayovutia bila kupandisha mshahara wala bei iliyoandikwa ubaoni. Katika huduma za programu, mpaka umewahi kuvukwa waziwazi. Mwezi Februari 2021, Tume ya Biashara ya Shirikisho ilitangaza kwamba Amazon ingelipa zaidi ya dola milioni 61.7 kumaliza shauri lililodai kwamba ilitumia bakshishi za madereva wa Amazon Flex kufidia malipo iliyokuwa imewaahidi.

Zikilinganishwa na sifa tatu zilizotajwa katika sehemu ya pili, bakshishi ya kishikwambi imetetereka katika zote. Mara nyingi huombwa kabla ya huduma kukamilika. Hiari yake hupimwa mbele ya muuzaji na wateja walio kwenye foleni. Nayo imeshaingizwa katika hesabu ya ujira. Hata hivyo, matarajio yametangulia mbele ya utendaji. Katika uchunguzi uliotajwa, asilimia 92 ya wahojiwa walisema hutoa kila mara au mara nyingi katika mgahawa wenye wahudumu, lakini ni asilimia 25 tu waliosema hivyo kuhusu kununua kahawa.

7.0 Jitihada za Kubadili Mfumo

Jitihada za karibuni zimeonesha ugumu wa kuuvunja mfumo huu kutoka ndani. Mwaka 2015 kampuni ya migahawa ya Danny Meyer jijini New York ilianza kuondoa bakshishi na kupandisha bei. Mwaka 2020 ikairejesha. Katika jiji la Washington, D.C., wapiga kura waliidhinisha kuondolewa kwa mshahara pungufu mwaka 2018, baraza la jiji likatengua. Wakaidhinisha tena mwaka 2022, na mwaka 2025 baraza likaupunguza makali uamuzi huo. Mwaka huo huo, sheria ya kodi iliyosainiwa tarehe 4 Julai iliruhusu bakshishi ya hadi dola 25,000 kwa mwaka kuondolewa katika mapato yanayotozwa kodi ya shirikisho, kwa miaka ya kodi 2025 hadi 2028, kwa sharti kwamba imetolewa kwa hiari. Unafuu huo unampa mfanyakazi nafuu ya kweli, lakini unaongeza pia faida ya kuyaita malipo bakshishi badala ya mshahara.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba katika vipindi vyote vitatu mteja aliombwa kukamilisha malipo ambayo mwajiri hakuyakamilisha. Marufuku za 1909–1926 zilishindwa kwa kuwa ziliukemea utoaji na kuuacha mshahara ulivyo. Mkataba wa 1937 ulifanikiwa zaidi kwa kuwa uliugusa mshahara wenyewe. Lawama zinazoelekezwa kwa muuza kahawa au kwa mteja mchoyo zinamkosa mhusika mkuu.

Matokeo haya yana maana kwa Afrika Mashariki pia. Kwa wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, ambao wageni wao wengi hutoka Marekani, bakshishi ni sehemu ya kawaida ya kipato, na wageni huelekezwa viwango vyake kabla ya kuanza safari. Watafiti wa ajira za utalii wanapaswa kuchunguza si tu kiasi kinachotolewa, bali pia kama kiasi hicho kinaongezwa juu ya mshahara wa mpagazi au kinachukua nafasi yake. Jibu la swali hilo ndilo litakaloonesha iwapo neno bakshishi, katika ajira hiyo, bado lina maana yake ya asili.