Mkono Uliopinda: Miaka 200 ya Kuunga Kifundo Kilichovunjika

Mwaka 1814 Abraham Colles, profesa wa upasuaji mjini Dublin, alichapisha katika jarida la tiba la Edinburgh makala fupi kuhusu jeraha ambalo kila mpasuaji alilijua na wengi walilikosea. Mtu anateleza, anajikinga kwa kiganja, mkono unavimba na kupinda juu ya kifundo mfano wa uma wa mezani. Waliokuwapo kabla yake walisema kifundo kimeteguka. Walikivuta kikanyooka, nao walipokiachia kikapinda tena. Claude Pouteau wa Lyon alikwisha kueleza kwamba ni mfupa uliovunjika, na maandishi yake yalitoka mwaka 1783, baada ya kifo chake, lakini hayakufika mbali. Colles aliandika miaka 81 kabla ya Röntgen kugundua eksirei. Hakuwa hata na mfupa wa maiti wa kuuchunguza. Alivuta mkono, akapapasa kwa vidole, akatambua kwamba mfupa wa upande wa kidole gumba umekatika kama inchi moja na nusu juu ya kifundo.

Ugunduzi huo ndio uliolifanya jeraha libebe jina lake. Lakini jambo lililo zito zaidi katika makala ile, kwa maoni yangu, ni faraja aliyoiweka humo: hata mkono usipotibiwa vizuri ukabaki umepinda maisha yote, hatimaye utarudi kujongea kwa uhuru bila maumivu. Yaani kunyooka ni jambo moja na kupona ni jambo jingine. Upasuaji uliofuata ulikua kwa kulikataa wazo hilo, na kwa wazee ushahidi umelirudisha.

Sababu za kulikataa zilikuwa njema. Antonius Mathijsen, daktari wa jeshi la Uholanzi, alieleza bandeji za jasi mwaka 1852, na mfupa uliorudishwa ukapata kitu kigumu cha kuushikilia. Dawa ya usingizi na usafi wa kuua vijidudu ulioanzishwa na mpasuaji Lister vikafanya iwezekane kufungua mwili bila mgonjwa kufa kwa usaha. Kisha eksirei ikaonyesha upindaji ambao hapo awali ulikisiwa tu, na kitu kinachoonekana pichani humsumbua daktari mpaka akirekebishe. Tatizo lilikuwa mfupa wenyewe. Mfupa wa mzee una vinyweleo vingi, na skrubu ya kawaida hulegea humo kama msumari kwenye ubao ulioliwa na mchwa. Mwanzoni mwa karne hii yakaenea mabamba ya upande wa kiganja ambayo skrubu hujifunga kwenye bamba lenyewe, vyote vikawa fremu moja inayoubeba mfupa hata ukiwa dhaifu. Sasa hata kifundo cha bibi wa miaka 75 kiliweza kunyooshwa na kubaki kimenyooka. Ni kazi ya mikono inayostahili heshima.

Ndipo likaja swali la Colles: je, mkono huo unafanya kazi vizuri zaidi? Mwaka 2011 madaktari wa Innsbruck, Austria, walitangaza matokeo ya wagonjwa 73 wenye miaka 65 na zaidi, waliogawanywa kwa bahati nasibu kati ya bamba na bandeji ngumu. Picha za waliopasuliwa zilikuwa nzuri zaidi, na mshiko wao ulikuwa na nguvu zaidi. Lakini baada ya mwaka, kwa kazi za kila siku na kwa maumivu, makundi yote mawili yalikuwa karibu sawa, na matatizo yalikuwa mengi zaidi kwa waliowekewa vyuma. Utafiti wa Australia uliotoka mwaka 2021, wenye wagonjwa 166 wa miaka 60 na zaidi, nao haukuona tofauti ya maana ya utendaji baada ya miezi 12.

Mtu atapinga kwamba mwaka ni mrefu kwa mzee anayeishi peke yake, anayejipikia na kujifulia. Pingamizi hilo ni la haki, na takwimu za Innsbruck zinaliunga mkono: katika wiki 12 za mwanzo waliopasuliwa walikuwa mbele. Kwa anayetegemea mkono huo kuinukia kitini, wiki hizo ni nyingi mno. Tena wapo ambao kwao hakuna mjadala: mfupa uliochomoza nje ya ngozi, au neva iliyobanwa na vidole vikafa ganzi. Wala umri haulingani na maisha. Fundi cherehani wa miaka 70 anaudai mkono wake mambo ambayo mwingine haudai. Ninachokataa ni picha pekee kuamua, mgonjwa akiambiwa kwamba bila vyuma mkono umeharibika.

Tena kuna jambo ambalo eksirei ya kifundo hailijibu. Mwaka 1941 Fuller Albright wa Boston alieleza jinsi mifupa ya wanawake inavyodhoofika baada ya hedhi kukoma, na tangu hapo imethibitika kwamba kifundo kilichovunjika kwa kuteleza tu mara nyingi hutangulia nyonga. Nyonga ikivunjika uzeeni, wengi hawatembei tena kama zamani, na baadhi hawamalizi mwaka. Bamba linashikilia pale lilipofungwa, huku uti wa mgongo na nyonga vikibaki na mfupa uleule. Vipimo vya uzito wa mfupa vipo na dawa zipo, lakini wagonjwa wengi wanaondoka hospitalini kifundo kimenyooka na hakuna aliyewauliza kuhusu mifupa mingine.