Chuo Kikuu na Jirani Zake

Msomaji mpenzi, ukiulizwa chuo kikuu ni kitu gani, labda utajibu kwamba ni mahali pa vitabu, pa maabara na pa walimu mabingwa. Hukukosea. Lakini chuo kikuu ni kitu kingine pia, ambacho wanafunzi hawakifikirii sana: ni jirani. Kimejengwa juu ya ardhi, na nje ya ua wake wako watu wanaopika, wanaolea watoto, wanaouza nyama na kunyoa watu nywele. Siku chuo kinapotaka kujipanua, au kinapoanza kuwaogopa jirani zake, ndipo tunapoujua ujirani huo ni wa namna gani. Nataka kukusimulia habari za chuo kimoja katika nchi ya Marekani, ambacho katika miaka ya 1950 na ya 1960 kilijaribu kuijenga upya mitaa iliyokizunguka. Upande wa kaskazini kilifanikiwa. Upande wa kusini watu walikizuia. Tofauti ya pande hizo mbili ina funzo kwetu.

Chuo chenyewe ni Chuo Kikuu cha Chicago. Kilianzishwa mwaka wa 1890 kwa fedha za tajiri wa mafuta, John D. Rockefeller, na wanafunzi wa kwanza waliingia darasani mwaka wa 1892. Kilijengwa katika mtaa wa Hyde Park, karibu na ziwa kubwa la Michigan. Kusini yake kuna uwanja mrefu wa majani uitwao Midway, na ng'ambo ya uwanja huo ndiko uliko mtaa wa Woodlawn. Sifa za chuo hicho zilienea duniani. Ni hapo, tarehe 2 Desemba 1942, chini ya viti vya uwanja wa michezo, ambapo wataalamu waliokuwa chini ya Enrico Fermi waliwasha kwa mara ya kwanza moto wa nguvu za atomu na kuuzima kama walivyotaka.

Lakini elimu kubwa haimtoi mtu hofu. Tangu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wamarekani weusi wengi walikuwa wakihama kutoka majimbo ya kusini kwenda Chicago kutafuta kazi na uhuru. Walipofika, walibanwa katika sehemu ndogo ya mji. Wenye nyumba weupe walikuwa wametiana saini mikataba ya kutomwuzia wala kutompangisha mtu mweusi, na Chuo Kikuu cha Chicago kilivisaidia kwa fedha vyama vilivyoitetea mikataba hiyo. Mtu mmoja mweusi, Carl Hansberry, alinunua nyumba katika Woodlawn, akashitakiwa, akapambana mpaka Mahakama Kuu ya nchi, na mwaka wa 1940 akashinda. Binti yake, Lorraine, baadaye alitunga mchezo wa kuigiza juu ya jamaa moja ya watu weusi inayotaka kuhamia nyumba bora. Mwaka wa 1948 Mahakama Kuu iliamua kwamba hakuna mahakama iwezayo kuwalazimisha watu kuifuata mikataba ya namna hiyo.

Mlango ulipofunguka, watu weusi waliingia Hyde Park, na weupe wengi wakaanza kuhama. Nyumba zilizokuwa za jamaa moja ziligawanywa vyumba vingi kwa tamaa ya kodi. Uhalifu ulizidi, na idadi ya wanafunzi ikapungua. Wakubwa wa chuo walifikiri hata kukihamisha. Tusiwadhulumu kwa kusema kwamba hofu yao yote ilikuwa ya bure. Majengo mengine yalikuwa mabovu kweli. Swali ni hili: watafanya nini, na watamwuliza nani?

Mwaka wa 1952, baada ya mkutano mkubwa juu ya uhalifu, ilianzishwa halmashauri iliyoitwa South East Chicago Commission. Mwenye kuisukuma alikuwa Kansela wa chuo, Lawrence Kimpton, na mtendaji wake alikuwa mwanasheria hodari, Julian Levi. Angalia, msomaji, jinsi mwanasheria huyu alivyofanya kazi. Hakuanza na matingatinga. Alianza na sheria. Mwaka wa 1953 sheria ya jimbo la Illinois ilirekebishwa, kampuni ya watu binafsi ikaweza kupewa nguvu ya kutwaa ardhi katika mtaa ambao bado haujaharibika, mradi wenye asilimia 60 ya eneo wamekubali. Kisha mwaka wa 1959 sheria ya nchi nzima ikapata kifungu kipya. Kwa kawaida serikali kuu ilitoa theluthi mbili za gharama za kujenga mtaa upya, na mji ukatoa theluthi moja. Kwa kifungu hicho, fedha ambazo chuo kikuu kilitumia kununua ardhi jirani zilihesabiwa kuwa ni sehemu ya mji. Basi chuo kilipotoa dola moja, mji ulipata dola mbili kutoka serikali kuu bila kutia mkono mfukoni. Diwani gani angekataa?

Bomoabomoa ilianza mwaka wa 1955, na mwezi wa Novemba 1958 Baraza la Mji likapitisha mpango mkubwa wa Hyde Park na Kenwood. Barabara ya 55, iliyojaa maduka, vilabu vya muziki na vyumba vya kupanga, ilifutwa kama maandishi ubaoni. Mahali pake, katikati ya barabara yenyewe, yalisimamishwa majengo mawili pacha ya ghorofa kumi, kwa michoro ya I. M. Pei. Padre mmoja Mkatoliki, John Egan, aliuliza waziwazi: hawa maskini wanaobomolewa watakwenda wapi? Aliomba zijengwe nyumba nyingi zaidi za kodi nafuu. Hakusikilizwa sana, wengi walimwona kuwa mchochezi.

Mwingine aliyepinga alikuwa St. Clair Drake, Mmarekani mweusi, mtaalamu wa mambo ya jamii. Kisa chake kinagusa moyo, kwa kuwa shahada yake ya udaktari aliipata katika chuo kile kile. Yeye na jirani zake wa upande wa kusini-magharibi ya Hyde Park walipinga nyumba zao zisitwaliwe kwa ajili ya maskani ya wanafunzi. Walishindwa. Drake baadaye alikuja Afrika kufundisha katika chuo kikuu cha Ghana.

Matokeo yalikuwaje? Hyde Park ilikuwa na watu zaidi ya 45,000 mwaka wa 1960; miaka kumi baadaye walikuwa hawafiki 34,000. Ni kweli kwamba mtaa ulitengemaa, na weupe na weusi wakakaa pamoja, jambo lililokuwa nadra sana katika Chicago. Lakini waliokaa pamoja walikuwa wale wenye uwezo. Maskini, na wengi wao walikuwa weusi, walifungasha mizigo wakaenda kubanana mahali pengine.

Sasa tuvuke uwanja wa Midway. Mwaka wa 1960 chuo kilitangaza kwamba kinataka ukanda mzima wa Woodlawn ulio kati ya barabara ya 60 na ya 61. Wahenga walisema, mwenye nguvu mpishe. Watu wa Woodlawn hawakumpisha. Walikuwa wamekwisha kuyaona yaliyowapata jirani zao wa kaskazini, wakatambua kwamba mtu mmoja mmoja mbele ya mwanasheria wa chuo si kitu. Makanisa, vyama vya wenye maduka na vyama vya wapangaji viliungana katika shirika moja, The Woodlawn Organization. Kiongozi wake aliyesikika zaidi alikuwa mchungaji Arthur Brazier, na mshauri wao alikuwa Saul Alinsky, naye pia alikuwa amesoma katika chuo kile kile. Mwezi wa Agosti 1961 walijaza mabasi zaidi ya 40, watu zaidi ya 2,000, wakaenda mjini kujiandikisha kupiga kura. Siku hiyo wakubwa wa mji walijifunza kuhesabu upya.

Kati ya mwaka wa 1963 na wa 1964 walipata walichokitaka. Chuo kiliruhusiwa kuuchukua ukanda wake, lakini kiliahidi kutovuka barabara ya 61. Na nyumba hazingebomolewa mpaka kwanza ujenzi wa nyumba za kodi nafuu uanze kando ya barabara ya Cottage Grove. Tena, watu wa Woodlawn walipewa viti katika kamati ya kuupanga mtaa wao.

Nisikudanganye kwamba mambo yaliishia kwa furaha. Ushindi juu ya ramani haukuleta kazi wala mikopo ya benki. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 nyumba nyingi za Woodlawn ziliteketea kwa moto, maduka yakafungwa, na wakazi waliokuwa zaidi ya 81,000 mwaka wa 1960 walibaki kama 27,000 mwaka wa 1990. Mtaa unaweza kubomolewa kwa tingatinga, na waweza pia kubomoka kwa kuachwa. Hata hivyo, walioondoka Woodlawn hawakuondolewa kwa karatasi iliyotiwa saini bila wao kujua, na hilo si jambo dogo.

Msomaji, baadhi yenu mtakuwa wapima ardhi, wanasheria, madiwani, au wakuu wa vyuo katika miji yetu, ambayo nayo inakua upesi. Siku moja ramani itatandikwa mezani mbele yako, na sehemu fulani itakuwa imepakwa rangi, kana kwamba hapana mtu. Kabla hujatia saini, toka nje, uvuke barabara, ubishe hodi katika nyumba zilizopakwa rangi hiyo. Sikiliza ni nani atakayekukaribisha. Chuo Kikuu cha Chicago kilikuwa na wataalamu wa kila elimu, nacho kilikawia sana kubisha hodi.