Eastleigh, mtaa wa kutembea usiku

Kijana akitoka kambini kwenda Nairobi, anatafuta kwanza chumba cha bei nafuu, halafu mahali pa kukaa jioni na wenzake bila kulipa nauli ya matatu. Wengi wanaishia Eastleigh, na sababu yake iko kwenye historia.

Nairobi ilianza 1899 kama kambi ya reli. Wakoloni wakaigawa kwa rangi: Wazungu magharibi kwenye viwanja vikubwa, Waafrika Eastlands, Wahindi sehemu kama Ngara na Parklands. Mji ukatawanyika, na mpaka leo usiku bila gari unakwama.

Eastleigh, iliyoanza 1921, ilikaliwa na Wahindi na Wasomali. Serikali ya Somalia ilipoanguka 1991, wakimbizi walipanga vyumba Garissa Lodge, nyumba ya wageni. Usiku wanalala, mchana chumba hichohicho ni duka. Kodi moja ikalipia malazi na duka. Maduka yakaongezeka, migahawa ikafuata, na watu wakawa barabarani hadi usiku. Hayo hayakuchorwa na mpangaji yeyote wa jiji.

Lakini Aprili 2014, kwenye msako wa Usalama Watch, maelfu walikamatwa, wengine wakapelekwa uwanja wa Kasarani kukaguliwa vitambulisho. Mgahawa ulikuwa mlango wa pili tu, ila watu waliogopa kutoka.

Kwa hiyo tukisema mtaa fulani unatembeleka usiku, tuhesabu umbali, tuhesabu taa, halafu tuhesabu na karatasi iliyo mfukoni.