K.W. ni nani? Mambo niliyokutana nayo katika maktaba ya Uganda Society

Wapo wanaodhani historia ni kitu kilichokwisha kuandikwa zamani, na kazi yetu sisi ni kukariri tufaulu mitihani, basi. Watu wa namna hiyo ningependa wakae siku moja tu katika maktaba ya Uganda Society, pale Kampala.

Maktaba hii imo ndani ya jengo la Makumbusho ya Uganda, Barabara ya Kira. Chama chenyewe ni kikongwe. Kilianzishwa Entebbe mwaka 1923 kwa jina la Uganda Literary and Scientific Society, mwaka 1933 kikafupisha jina, na mwaka 1934 kikaanza kutoa jarida lake, Uganda Journal. Waandishi wengi wa mwanzo walikuwa maofisa wa kikoloni na wamisionari, lakini Waafrika nao hawakuchelewa kushika kalamu.

Nilikwenda kutafuta habari za Bachwezi, wale watawala wa kale ambao masimulizi yao yanasikika Bunyoro, Ankole na hata huku kwetu Kagera. Nikajisajili, nikaeleza ninachotaka, nikakaa mezani na rundo la majarida yaliyogeuka rangi. Ndipo nikakutana na mtu anayeitwa K.W.

Makala zake ni tatu, zilitoka kati ya 1935 na 1937, na zinahusu wafalme wa Bunyoro-Kitara. Anaanzia enzi za kale kabisa, anapita kwa Bachwezi, anafika kwa Wabito, ukoo unaotawala Bunyoro. Anaandika kwa uhakika, kama mtu anayesimulia habari za nyumbani kwao. Na kweli ni za nyumbani kwao! K.W. hakuwa mwingine ila Tito Winyi, Omukama wa Bunyoro mwenyewe, aliyetawala kuanzia 1924 hadi 1967, mtoto wa Kabalega.

Sasa jiulize, ndugu msomaji: mfalme ana haja gani ya kuandika orodha ya wafalme katika jarida la wasomi?

Jibu liko kwenye ardhi. Waingereza walipopigana na Kabalega miaka ya 1890, Buganda iliwasaidia. Zawadi yake ikawa sehemu kubwa ya nchi ya Bunyoro, na Mkataba wa 1900 ukaipa Buganda eneo hilo rasmi. Humo mlikuwa na makaburi ya wafalme wa Bunyoro. Kabalega alikamatwa 1899, akapelekwa uhamishoni Shelisheli, akafariki Jinja mwaka 1923 akiwa njiani kurudi kwao.

Na Buganda haikuwa na ardhi tu, ilikuwa na kitabu pia. Katikiro Apolo Kagwa, mmoja wa waliotia saini Mkataba ule, alichapisha historia ya wafalme wa Buganda mwaka 1901. Kwa hiyo Omukama alipoandika, alikuwa anajibu. Alikuwa anasema: sisi nasi tupo, tena tulitangulia. Miaka ya 1970 mwanahistoria David Henige alilinganisha orodha ya K.W. na zile zilizoitangulia, akaona hii imerefuka, akatilia shaka.

Je, K.W. alikuwa mwongo? Mimi sisemi hivyo. Watu wake walikuwa wamenyang'anywa nchi, na mbele ya Mwingereza ukale wa ufalme ulikuwa ushahidi. Lakini Kagwa naye alikuwa na lake, na ofisa wa kikoloni aliyeandika kurasa chache mbele alikuwa na lake pia.

Wala haya hayakuishia kwenye karatasi. Tarehe 4 Novemba 1964 wananchi wa Buyaga na Bugangaizi walipiga kura, wakachagua kurudi Bunyoro, na kaunti hizo zikarudishwa Januari 1965. Uhusiano wa Waziri Mkuu Obote na Kabaka Mutesa, aliyekuwa pia Rais, ukazidi kuharibika. Mwaka 1966 jeshi likavamia Lubiri, Kabaka akakimbilia Uingereza.

Kwa hiyo ukipata nafasi ya kuingia maktaba kama ile, usikimbilie kunakili tarehe na majina. Anza na jina lililo juu ya makala. Nani kaandika? Mwaka gani? Wakati ule alikuwa anagombea nini, na nani? Kisha soma toleo linalofuata, maana mara nyingi mpinzani wake yumo humo akijibu. Hapo ndipo utamu ulipo, na kitabu kimoja cha shule hakiwezi kukupa, kwa sababu kimeshakuchagulia mshindi.

Sisi tulio kwenye uandishi wa habari tunafundishwa kumuuliza kila chanzo ana maslahi gani. Mfalme aliyekufa zamani naye ni chanzo. Muulize.